Sikio la Dirishani

Mama alifariki Jumatano asubuhi, na kuanzia Jumatano mchana baba akaacha kujibu watu.

Waliokuja kutoa pole walimshika mkono, wakasema yao, naye akawatikisia kichwa tu. Mmoja alimuuliza, "Mazishi ni saa ngapi?" Baba akamjibu, "Asante sana." Shangazi, dada yake, akatuvuta pembeni. "Mwacheni kaka yangu. Huzuni imemziba masikio."

Tukamwacha. Miezi mitatu nyumba ikawa kimya. Baba alienda na lori, akarudi, na nikimuuliza kama anataka chai au maji ananijibu, "Sawa, mwanangu."

Kelele za nyumba alikuwa nazo mama. Alikuwa na tabia moja iliyouchekesha ukoo mzima. Mgeni akisema, "Kwetu mvua imenyesha," mama anamgeukia baba: "Anasema kwao mvua imenyesha." Mgeni akiaga, mama: "Anasema anakwenda." Wakambandika jina, Mama Mwangwi. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimwigiza mezani, watu wakicheka hadi machozi. Mama naye alicheka.

Kisha ikaja barua ya kampuni. Kila dereva wa lori afanyiwe uchunguzi wa afya ndani ya siku kumi na nne, na asiyepata cheti hashiki usukani. Baba alikuwa ameushika miaka thelathini na moja. Aliisoma barua mara mbili, akaikunja. "Nikishinda kutwa humu ndani," akasema, "nitamfuata mama yako."

Shangazi akahamia kwetu siku hiyohiyo na mashine ya presha aliyoiazima kwa jirani. Chumvi akaifungia kabatini, ufunguo akauvaa shingoni. Kila asubuhi anamtoa baba nje azunguke nyumba mara ishirini. Baba, ambaye maisha yake yote amesafiri akiwa amekaa, mzunguko wa tano anaegemea ukuta.

"Hata lori hupumzishwa, dada."

"Lori halina kitambi. Zunguka!"

Presha ikashuka. Sukari haikuwa mbaya. Macho ya baba yanaona kibao cha barabarani kabla hakijasimikwa. Tukaanza kujipongeza, hadi alipopita Breki, dereva mwenzake, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hukanyaga breki hata akiona kivuli.

"Kuna daktari mpya," Breki akaniambia mlangoni. "Anasimama nyuma yako, ananong'ona namba, wewe unarudia. Wiki hii wameshaanguka wawili."

Shangazi hakupoteza muda. Akamketisha baba kwenye kigoda, uso ukutani, mimi nikasimama nyuma, upande wake wa kulia.

"Saba," nikanong'ona. Kimya. "Kumi na mbili." Kimya. "Thelathini."

"Si mlisema mnaanza?" baba akauliza ukuta.

Nikahamia upande wa pili, nikapandisha sauti kidogo. "Saba."

"Saba. Haya, endelea."

Nikarudi upande wa kwanza. Kimya tena. Shangazi akashika kiuno. "Huzuni gani hii inayoziba sikio moja?"

Ikabidi baba aseme. Sikio la dirishani, lile la upande wa dirisha la lori, lilikufa zamani, kwa miaka ya upepo na mngurumo. Lile jingine nalo linachechemea.

"Sasa ile mitihani mingine uliipitaje?" nikamuuliza usoni.

Akatazama vidole vyake. "Mama yako alikuwa anakuja nami. Anakaa mbele yangu. Daktari wa zamani alikuwa anasoma namba kwenye karatasi, hainui kichwa. Mama yako anarudia kwa midomo, mimi najibu."

Nikakaa chini palepale sakafuni. Miaka yote ile niliyomwigiza mama, kumbe alikuwa kazini.

"Basi mtoto atakaa mahali pa mama yake," shangazi akaamua.

"Shangazi, huo si udanganyifu?"

"Udanganyifu ni kusema uongo. Wewe utarudia kilichosemwa."

Nilikubali, lakini roho haikutulia. Nilikuwa nikifikiria lori la tani thelathini na honi ambazo dereva wake hazisikii.

Daktari mpya alikuwa mwanamke mwenye viatu visivyo na mlio. Akapima presha, akaisifu. Akaniruhusu nikae kwenye kiti kilichotazamana na baba, akaenda nyuma yake, akafunika mdomo kwa faili.

Sikusikia kitu. Feni ilikuwa ikilia juu, na mnong'ono ule ulikuwa mwembamba kama uzi. Ndipo nilipojua mama alikuwa na masikio ya namna gani. Baba amenikodolea midomo kama anavyokodolea njia panda. Nikatikisa midomo bila sauti: sijasikia.

"Sijasikia!" baba akatamka kwa kujiamini kabisa.

Daktari akanong'ona tena. Nikachezesha midomo: baba, basi.

"Baba, basi!"

Daktari akazunguka, akamtazama, akanitazama. "Mzee, mimi nimesema arobaini na tisa."

"Anasema arobaini na tisa," nikamwambia baba.

Ilinitoka kwa sauti, na ilikuwa sauti ya mama. Baba akacheka. Alicheka hadi akafunika uso kwa mikono miwili, na alipoufunua macho yalikuwa mekundu. Daktari akavuta kiti, akasubiri. Nikamweleza yote, hata chumvi ya kabatini.

Cheti hakutoa. Aliyamulika masikio, akatoa kwenye sikio lile jingine donge la nta, ambalo baba alilifunga kwenye karatasi akamwonyeshe Breki. "Hili lingeziba pancha," baba akasema. La dirishani, daktari alisema, linahitaji kifaa, na akamwandikia kwa mtaalamu wa masikio.

Baada ya wiki tatu bila usukani tukarudi, kifaa kikiwa sikioni mwa baba. Safari hii mimi na shangazi tuliachwa nje kwenye benchi. Kupitia mlangoni tulimsikia baba akitaja namba moja baada ya nyingine, kwa ukali, kama anayekemea mtu. Akatoka na cheti cha mwaka mmoja, kwa sharti asiendeshe bila kifaa sikioni.

Sasa anasikia, na amekuwa msumbufu. Friji inanguruma mno. Shangazi, aliyesharudi kwake, akipiga simu anaimba ovyo kabla ya kusalimia. Mimi eti natafuna kwa kishindo. Lakini mgeni akija na kusema neno, bado najikuta nimemgeukia baba: "Anasema..."

"Nimesikia," baba ananikata. Halafu ananisogezea sikio. "Lakini sema."

Betri ya kile kifaa hudumu siku saba. Naibadilisha mimi, kila Jumapili, kabla hajaondoka na lori.