Mwisho wa Jitu la Mpira

Kama kuna mtu Wambeti hakuweza kumvumilia, ni yule anayeongea filamu ikiendelea. Wale wanaojitia kutafsiri huku wakichomeka utani wao, yeye angewafunga wote. Filamu iachwe ilivyotengenezwa, basi. Alikuwa karani mjini Embu, na macho yake yote yalikuwa yameishia kwenye filamu za zamani, za kutisha na za vyombo vya angani. Maoni yake hukuyaomba, ulipewa tu. Jitu la mpira, mtu kavaa vazi, lina heshima kuliko haya ya kompyuta. Filamu inayokuonyesha mnyama wake dakika ya tano haina adabu. Na ukiona damu inamwagika ovyo, jua hadithi imewaishia.

Sasa huyu mtaalamu alikuwa ameshindwa na baba yake mwenyewe.

Tangu mama azikwe, mzee Rwamba alikuwa na ombi moja. Atafutiwe ile filamu waliyoiona yeye na mama sokoni Ishiara, gari la sinema lilipokuja, kabla hawajaoana. Glakoma ilikwisha kumla macho, lakini alitaka asikie tena jinsi jitu la humo lilivyorudi kwao. Jumapili nne mfululizo Wambeti alishuka kutoka Embu na filamu kwenye simu. Jumapili zote nne mzee alisikiliza, akatafuna majani yake ya muguka, akasema, "Siyo hii."

Jumapili ya tano Wambeti alianza kwa kumhoji.

"Chombo kilining'inia kwa uzi?"

"Uzi tuliuona hata sisi wa nyuma."

"Na kuna daktari mwenye mguu mmoja?"

"Huyo huyo."

Wakakaa barazani wakasikiliza. Mwishoni bunduki zikalia, jitu likaanguka.

"Siyo hii," mzee akasema.

Wambeti alichoka, akachoka tena. "Baba, ni hii. Wanajeshi wanaliua. Nimeitazama mara kumi."

"Haliuawi. Linavuka mto, linafika kwa mama yake, linapikiwa."

"Linapikiwa nini? Humo hamna mto wala mama. Ni jangwa mwanzo mpaka mwisho. Nani alikuambia mambo haya?"

"Mama yako. Mimi Kizungu sikujua. Alikuwa akinitafsiria sikioni."

Mama aliacha shule darasa la nne. Kizungu chake chote kilikuwa cha kumsalimia mwalimu. Kwanza Wambeti alimkasirikia mama, huko huko kaburini, kwa kuharibu filamu nzuri namna hiyo. Halafu hasira ikamwishia, akabaki na uchungu mtupu, kwa sababu filamu aliyotaka baba haikuwa kwenye simu yoyote.

Akairudisha nyuma, akazima sauti. Akasogeza kiti, akainama sikioni mwa mzee, akaanza kwa Kimbeere, lugha ya nyumbani, taratibu, akiona aibu kana kwamba kuna watu wanamtazama. Jitu likainuka pale lilipoangushwa. Likavuka mto Thuci, maji yakiwa kiunoni. Likabisha kwao, na mama yake alikuwa amepika ndengu.

"Zilikuwa kunde," mzee akasema.

"Haya, kunde."

"Kama unadanganya, danganya kama mama yako." Akamgeuzia sikio vizuri. "Anzia pale mtoni."