Rangi Imekubali

Gereji nzima tulimwita Jicho, na jina alilistahili. Mimi nanyoosha bodi, yeye alikuwa anapiga rangi. Kamuoa dada yangu, kwa hiyo ni shemeji na mtani wangu. Mafundi wengine walichanganya rangi kwa namba za kiwandani. Jicho alichanganya kwa kijiti, akapaka tone kwenye kifuniko cha kopo, likikauka anakishikiza kifuniko ubavuni mwa gari, juani kisha kivulini. Akisema "imekubali," tunapuliza. Asiposema, hata mwenye gari apige magoti, hatupulizi.

Kisukari kilipompata alikichukulia poa. Dada alimsema mpaka akachoka: nenda kapimwe macho, mume wangu.

"Macho haya?" alimjibu. "Namwona sisimizi ukutani, unataka nimwone na mjomba wake?"

Na kweli sisimizi alimwona. Hilo ndilo lililotudanganya sote.

Kisha likaja gari la bluu la mwalimu mmoja, mlango umebonyea. Niliunyoosha, nikaingia chini ya gari jingine. Nilimsikia Jicho akisema imekubali. Nilipotoka, mlango umeshapulizwa na kukauka, na bluu yake ilikuwa imeingia ukijani, kitu ambacho hata mpita njia angekiona.

"Shemeji, leo umeamua kutuchekesha?"

"Kwa lipi?"

"Huo mlango."

Akacheka. Mimi nina sifa ya utani, akadhani ni yale yale. Mwenye gari alipofika hakucheka wala hakugomba. Aliuliza tu, taratibu, kwa nini mlango mmoja umewekwa rangi nyingine.

Jicho akauinamia mlango, uso karibu uguse chuma.

"Nionyesheni basi."

Nikamshika mkono, nikaupeleka pale mlango unapokutana na bodi. Nikamwambia, huku bluu, huku kijani.

"Mimi naona moja," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Daktari alisema sukari imeharibu mishipa midogo nyuma ya jicho. Herufi bado anazisoma, ila rangi zimeanza kumpotea, bluu kwanza. Akishika dawa na miadi, huenda yaliyobaki yakaokolewa. Yaliyokwisha kwenda hakumwahidi. Dada alishukuru, maana aliogopa upofu. Jicho hakushukuru kitu.

"Nimeachiwa macho ya kuonea njia," aliniambia. "Ya kazi yamekwenda."



Gari la mwalimu lilibidi lipulizwe upya. Safari hii nilichanganya mimi, kwa namba za kiwandani. Nikampelekea kifuniko kwa mazoea, na kwa kutojua la kufanya. Akakitazama juani. Akakitazama kivulini. Mafundi wote wakaacha nyundo zao.

Kisha akaacha kukitazama kifuniko, akanitazama mimi usoni.

"Imekubali?" akaniuliza.