Baraka Iliyotangulia Mchezo

Evarista wa kijiji cha Qurus, kwetu Wairaqw, alikuwa na mgongo wa kubeba debe na mdomo usioomba ruhusa. Elimu ya watu wazima ilipopamba moto miaka ile ya sabini, alijua kusoma kabla ya mumewe Sylvesta, na jambo hilo Sylvesta hakulimeza wala hakulitema.

Basi Mwalimu Valeriani akaja darasani na kitabu. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa kuigiza wa Wahindi wa kale, ulioandikwa kwa Kisanskriti, kisha Mwingereza mmoja akautia Kiingereza. Mwalimu naye aliutia Kiswahili, darasa liucheze siku ya kufunga masomo. Mfalme anampenda msichana wa bustani, na rafiki yake, mcheshi mlafi mwenye kipara, anaharibu kila kitu kwa ajili ya tumbo. Wanaume wakakikimbia kile kipara. Evarista akakitaka.

"Mama Martini, uwe mlafi mbele ya mama yangu?" Sylvesta akauliza.

"Mama yako ananijua. Hatashtuka."

Sylvesta akaweka sharti. "Watu wakikaa mpaka mwisho, mwakani utasoma tena, na ndama jioni nitawafungia mimi. Wakiondoka, kalamu unaiacha."

"Shika neno lako, Baba Martini, usije ukalishushia na ugali."

Mwalimu aliwasomea dibaji. Kwenye Kisanskriti mfalme husema lugha ya juu, ya mahekalu, bali wanawake na mcheshi husema lugha za nyumbani. Kiingereza kimewanyoosha wote mstari mmoja.

"Basi mimi nitasema Kiiraqw," Evarista akadakia.

"Kiswahili sanifu, wote. Tunafuata kitabu."

"Cha Wahindi au cha Mwingereza, mwalimu?"

"Hiki nilichoshika."

Kitabu kilitaka pia mchezo uanze kwa baraka. Mwalimu akamwomba Mzee Qamara, mbariki wa kijiji, na hapo ndipo panya alipoingia ghalani, na hakuna aliyemwona, hata Evarista.

Siku ilipofika, uwanja wa shule ulijaa. Mzee Qamara akasimama, akaomba mvua, akaomba ng'ombe wazae, akaomba wadudu wayasahau mahindi, na watu wakaitikia kwa koo zote. Sasa, kwetu baraka ya wazee ndiyo hufunga kikao. Ikishaitikiwa, unachukua fimbo yako unakwenda. Watu wakachukua fimbo, wakaenda. Sylvesta akainuka taratibu benchi la mbele, akapangusa suruali, akatabasamu.

"Ndugu wananchi, mchezo haujaanza," mwalimu akaita. Nani abishane na baraka?

Evarista akakaza kichwani nusu kibuyu, ndicho kipara chenyewe, akawapita mbio, akasimama langoni mikono kiunoni. Kiswahili cha mwalimu akakiacha uwanjani. Akasema Kiiraqw cha jikoni, kwamba yeye ni rafiki wa mfalme, hajala tangu asubuhi, na mfalme yule mwenye taji la katoni, badala ya kumpa chakula, anatazama msichana.

"Mmeombewa mvua na ng'ombe," akasema. "Tumbo langu limesahauliwa. Mzee Qamara, nilikukosea nini?"

Mzee akacheka mpaka fimbo ikamtoka. "Rudini," akawaambia watu. "Ile niliisema mapema. Nitaisema tena huyu akishiba."

Wakarudi. Msichana wa bustani naye akahamia Kiiraqw, na mfalme akabaki na sanifu yake peke yake, jasho likimtoka kama mgeni aliyekaribishwa asiyejua salamu. Mwalimu akafuata kurasa kwa muda, kisha akakifunga kitabu, akakitia kwapani, akatazama kama wengine. Mwishoni Mzee Qamara akabariki upya, na tumbo la mcheshi likatajwa. Hapo watu wakaenda kwa haki.

"Waliondoka," Sylvesta akasema njiani. "Nimeona kwa macho yangu."

"Na wakarudi. Nawe ukarudi, ukacheka mpaka mama yako akakupiga kiwiko."

Wakafika nyumbani. Ndama walikuwa wanalia. Evarista akakaa kwenye kigoda, kibuyu bado kichwani, akafungua kitabu chake cha kusomea.

"Yule mweupe hupiga teke," akamwambia, bila kuinua macho.