Wali Mweupe wa Tatsuzo

Tangu niolewe na Tatsuzo, fundi wa makabati hapa Asakusa, Tokyo, sikuwahi kumpakulia wali wenye hata doa. Nilimchagulia mchele uliokobolewa mpaka ukang'aa, nikampa mabakuli matatu kila mlo na kipande cha figili ya achari. Mwanamume wa Tokyo hali shayiri. Shayiri ni chakula cha jela. Mimi nilikula jikoni, akishamaliza yeye, kama alivyokula mama yangu.

Kiangazi cha mwaka wa saba wa ndoa yetu, miguu yake ikaanza kufa ganzi. Mara ajikwae kizingitini, mara patasi imponyoke. Ukimbonyeza muundi, kidole kinaacha shimo. Nami nikazidi kumjazia wali. Moyo ulipoanza kumwenda mbio hata akiwa amelala, nikajua mume wangu ananitoka.

Nikamwita Daktari Hosaka, mwanamke mfupi asiye na subira, naye akamgonga goti. Mguu haukushtuka.

"Anakula nini huyu?"

"Wali mweupe, Daktari. Daraja la kwanza," nikasema kwa majivuno.

"Na wewe?"

Nikainamisha kichwa. "Shayiri. Maharage. Na majani ya figili."

"Ndiyo maana u mzima! Hii ni beriberi, mama. Wali una nguvu, sikatai, lakini mwili hauwezi kuitumia bila vitamini iliyokuwa kwenye pumba wanazotupa. Mishipa ya fahamu inalegea, moyo unachoka. Maharage yanajenga nyama, mboga zinakinga maradhi. Wewe umempa wali mtupu."

Nililia pale pale. Mkono wangu mwenyewe, jamani!

Jioni nikampelekea shayiri na maharage. Akageukia ukutani.

"Fumi, nimeiba nini mimi hata unilishe cha jela?"

"Kula, nakuomba."

"Bora nife."

Hapo hasira zikanipanda. "Basi mfungwa ni mimi! Miaka saba nakula hiki hiki, na hujawahi hata kugeuza shingo ukaangalia!"

Akanigeukia. Kisha, kwa sauti ndogo: "Miaka saba?"

"Ili wali mweupe ukutoshe wewe."

Alijikokota kwa viwiko mpaka jikoni, akafunua chungu changu, akakiangalia kwa muda mrefu. Nilimwonea huruma hadi nikasahau nilivyokasirika.

"Lete bakuli lako," akasema. "Tule pamoja."

Tukala sakafuni, mabega yakigusana. Alitafuna huku amekunja uso kama mtoto anayenyweshwa dawa.

"Mbaya kweli hii," akasema, machozi yakimtoka. "Niongeze."

Aliila kila siku, akinung'unika kila siku. Majani ya miti yalipoanza kupukutika, nilikuwa natoka kisimani nikamwona anakuja, polepole, kwa miguu yake mwenyewe. Akanipokea ndoo.