Jaribio kwa Mama

Rugamba alikuwa ameapa kwamba barua pepe zake hazitakaa tena kwenye mashine za watu. Basi akachukua kompyuta kuukuu, akaifanya seva ya barua sebuleni kwake Gahanga, Kigali, kazi ambayo hakuwahi kuifanya.

Mwanzoni barua hazikutoka kabisa, kwani kampuni ya intaneti ilikuwa imefunga njia. Akaomba mpaka ikafunguliwa. Zikaanza kutoka, lakini kila aliyeandikiwa alizikuta kwenye barua taka. Akasoma, akavuruga, akasoma tena, mpaka akaelewa: seva za wenzake hazimwamini mgeni asiye na wa kumdhamini. Akaweka rekodi zote za kuthibitisha kwamba anwani ni yake kweli, kisha akamwandikia mama yake aliyekuwa Kanombe, jijini humohumo, maneno matatu: "Jaribio la mwisho." Seva ya upande wa pili ikajibu kwamba imepokea.

Akangoja jibu mpaka chai ikapoa. Ndipo akapiga simu.

"Shikamoo, mama. Barua yangu hujaiona?"

"Marahaba. Nimeiona, nimeifuta. Kuna tapeli anatumia jina lako."

Rugamba akamweleza, kwa upole wa mtu aliyechoka, kwamba barua ile ilikuwa imethibitishwa kila mahali panapothibitishwa barua.

"Sasa mama, tapeli umemjuaje?"

Mama, aliyemlea Bukoba kabla ya kurudi Kigali, hakuona ugumu wa swali hilo.

"Hakuniamkia."