Jicho la Sebuleni

Faustina hakuwa mtu wa kupenda mashine. Alikuwa mtu wa hofu, na hofu yake ndiyo iliyonunua mashine.

Mwaka uliopita, katikati ya Kwaresima, presha ilimwangusha mama yake, Apolonia, jikoni kwake Mafinga. Alilala sakafuni mpaka jirani, Bertha, alipoingia kuomba moto. Kaka yake Faustina, Anord, anayeishi Iringa mjini, alitaka kumchukua mama siku ileile na nyumba ipangishwe. Mama akagoma. Alisema aliolewa katika nyumba ile na atatoka humo akiwa amebebwa. Faustina, mwenye duka la dawa Mwanjelwa kule Mbeya, akaingia katikati: atafunga vifaa, atamwangalia mama kwa simu. Anord akakubali kwa shingo upande, ila aliweka sharti. Mama akianguka tena, anahamia Iringa, na hakuna mjadala.

Basi Faustina akaja Mafinga na maboksi yake. Nyumba ile ilijengwa kwa kuungaunga: marehemu baba yao, mzee Bartholomeo, alianza na sebule, akaongeza vyumba kila mkono ulipojaa, na jiko likabaki nje, nyuma. Kifaa kimoja cha Wi-Fi sebuleni hakikufikisha mtandao hata chumbani kwa mama, maana kuta zile za tofali za kuchoma hazina huruma. Akafunga vitatu, cha sebuleni, cha koridoni na cha jikoni, vipokezane mtandao kama watu wanaopokezana matofali kwenye ujenzi. Kisha akaweka taa zinazojulikana kwa simu kama zimewaka, kifaa cha mlangoni kinachotoa taarifa mlango ukifunguliwa, na kamera juu ya kabati la sebuleni. Kamera ya picha tu, sauti haina. Kalinga, mume wa Bertha, fundi seremala, ndiye aliyetoboa kuta. Mama alikaa kwenye kigoda akiwatazama.

"Na hili jicho linaona mpaka wapi?" aliuliza.

"Sebule yote, mama."

"Siku nikivaa vibaya je?"

"Nitakuambia."

"Haya. Ila linang'aa hilo. Mimi sijalipenda."

Kalinga akacheka, Faustina naye akacheka, na neno lile likapita hivihivi.

Tangu hapo Faustina akawa na Mafinga yake mfukoni. Kila kifaa kilikuwa na doti ya kijani kwenye simu. Asubuhi, hata uso hajanawa, anafungua: taa ya jikoni imewaka, mlango umefunguliwa, mama huyo anapita na sufuria. Anashusha pumzi, anaenda dukani. Ungedhani moyo ungetulia. Wapi! Alichungulia kwenye foleni ya benki, alichungulia kanisani padri akihubiri, na siku moja mteja aliyetaka dawa ya minyoo alipewa ya kikohozi kwa sababu doti ya koridoni ilichelewa kuwaka. Hofu ile aliilisha mwenyewe, na ikanenepa.

Alhamisi moja ya Januari, mchana, jua linawaka Mwanjelwa hadi mabati yanalia, doti ya jikoni ikageuka nyekundu.

Umeme, alijiambia. Lakini umeme ukikatika vyote huzima kwa mpigo, na hivi vilikuwa vinakufa kimoja kimoja. Ikafuata ya koridoni. Akafungua kamera. Sebule ilikuwa na kiza, mchana ule. Mama akatokea akienda mbio, yeye ambaye hutembea taratibu kwa sababu ya magoti, akaja moja kwa moja kwenye kabati, mkono ameunyoosha mbele kama mtu anayetafuta pa kushika. Mkono ukajaa kwenye kioo chote cha simu. Halafu giza. Halafu doti ya mwisho nayo ikawa nyekundu.

Alimpigia mama. Hapatikani. Bertha, hapatikani. Akarudia mama, akarudia Bertha, huku mteja akigonga kaunta kwa sarafu. Jina la Anord lilikuwa hapo chini kidogo, na kidole chake kililikwepa. Kumpigia Anord ni kumhamisha mama. Aliona aibu kwamba hata sasa, mama pengine yuko sakafuni, yeye anawaza sharti. Akabonyeza la Kalinga.

Iliita muda mrefu. Ikapokelewa kwa kelele nyingi, kama mtu anamwaga kokoto.

"Kaka Kalinga! Mama yuko wapi? Mama kaanguka?"

"Dada Faustina," sauti ilikuja vipandevipande. "Radi, dada... radi..."

Kalinga, kama wengi wa kwao, dhambi kwake ni dambi, na dharau ni darau. Faustina alisikia radhi. Alisikia mtu anayeomba radhi kabla hajatoa habari mbaya, akakaa juu ya katoni ya dripu.

"Vunja mlango!" alipiga kelele. "Vunja mlango, kaka!"

Simu ikakatika. Alipopiga tena, hata ya Kalinga haikupatikana.

Alifunga duka mteja akiwa bado anasema. Akakaa gizani ndani, kwenye harufu ya vidonge, akapanga msiba. Nani atapika, nani atapokea watu wa jumuiya, Anord atasema nini na atakuwa na haki ya kusema. Alilia kwa sauti kama mtoto. Alikumbuka kwamba alikuwa amemwona mama asubuhi ileile, amevaa sweta la bluu, na hakumbuki mara ya mwisho kuisikia sauti yake.

Simu ilipoita, jina lilikuwa la Kalinga.

"Dada, mama mzima," alisema, akihema. "Mlango ndio haupo."

"Haupo vipi?"

"Si ulisema nivunje? Nimevunja. Ongea naye, mimi sitaki lawama."

Zikapita sekunde za kukwaruzana, kisha ikaja sauti ya Apolonia, kavu, na nyuma yake matone yakidondoka.

"Faustina. Uko hai?"

"Niko hai, mama. Wewe ndiye..."

"Mimi nimefunga komeo, nimezima kila kitu, nimekaa kitandani nasali radi ipite. Naona mwanaume anaingia na shoka, amelowa, hasemi. Nikajua ni wewe umekufa kule Mbeya, katumwa kuniambia. Moyo huu, mama, kidogo usimame."

Radi. Faustina alifumba macho. Yeye ndiye, utotoni, aliyetumwa na mama huyuhuyu kukimbia kung'oa redio ukutani na kufunika kioo cha kabati kwa kanga, maana kinachong'aa kinaita radi. Nyumba zote za pale hufanya hivyo, na simu huzimwa. Angeweza kulijua hilo usingizini.

"Ulifunika kamera," alisema.

"Lina kioo, nililiachaje? Mwanangu, unaniangalia kutwa, hujaona huku kunanyesha?"

"Sikujua, mama."

"Ungeuliza." Kisha ukali ukamwisha mama, na hapo ndipo palipouma. "Zamani ulikuwa unapiga asubuhi. Unanisalimia, unauliza nimeota nini, nimekula nini. Tangu ufunge haya madude hujanisalimia hata siku moja. Unaniangalia tu, kama mahindi yaliyoanikwa uani."

Faustina aliomba radhi, kwa dh yake yote, na mama akasema mlango ule aliuchonga mzee Bartholomeo mwenyewe, kwa hiyo aanze kumtafutia Kalinga mbao.

Asubuhi iliyofuata doti zote zilikuwa zimerudi, kijani tupu. Faustina alizitazama, kidole kikaenda kwenye kamera kwa mazoea, kikarudi. Akapiga simu.

"Kamwene, mama," alimsalimia.

"Kamwene."

"Umeamkaje?"

"Si unaniona?"

"Sikuoni. Sijafungua. Niambie."

Kisha akasikia kigoda kikivutwa, na mama akikaa vizuri.

"Basi subiri nikuambie," alisema Apolonia. "Usiku nimemwota baba yako. Kaja, kasimama pale mlangoni, anauliza mlango wake uko wapi."