Taa Mbili Zilizozima Pamoja

Siku moja kabla ya ukaguzi wa gari, Radomir alikata kipande cha utepe mweusi, akakibandika juu ya taa ya injini iliyokuwa ikiwaka kwenye dashibodi, kisha akarudi nyuma kidogo kuitazama kazi yake.

"Imezima," alisema.

"Umeifunika," mkewe Vidosava akamjibu. "Kwani mkaguzi ni kipofu? Twende kwa fundi."

Radomir hakutaka. Alikuja na visingizio chungu nzima: fundi ana kazi nyingi, fundi mwongo, fundi atatafuta ubovu hata usiokuwepo. Lakini Vidosava akishasema twende, ni kwenda tu. Gari lisilopita ukaguzi halisajiliwi, na lisiposajiliwa halitoki uani. Nevena, binti yao wa miaka kumi na minne, angefikaje shule ya mjini Valjevo? Kila siku alipelekwa na kurudishwa kwa gari hilo, kiti cha mbele, akibadilisha stesheni za redio mpaka mtu unataka kulia.

Gari lenyewe waliuziwa na kumu wao, Tihomir. Kumu ndiye aliyewasimamia ndoa, ndiye aliyemshika Nevena siku ya ubatizo, na mtu wa namna hiyo kwao ni zaidi ya ndugu wa damu, nao huitana "kumu" pande zote mbili. Ndiyo maana siku ya kulinunua hakuna aliyethubutu kumwita fundi alitazame. Umkagulie kumu gari lake! Si bora umtemee mate usoni yaishe.

Gvozden fundi alipouona ule utepe alicheka hadi akashika kiuno. "Bwana Radomir, mgonjwa akilalamika na wewe unamziba mdomo?"

Taa ya injini haikumsumbua. Ilikuwa kifaa kimoja tu kwenye bomba la moshi, akakibadilisha huku anapiga soga. Kisha akainama chini ya boneti, akaguna.

"Kuna oili inavuja hapa kwenye kipimio chake. Mkaguzi akiona tone tu, mnarudi nyumbani. Mama Nevena, kaa kwenye usukani. Fungua swichi, usiwashe injini."

Vidosava akafungua. Taa zote zikawaka kama kawaida: nyekundu, njano, zote.

"Nachomoa waya wa kipimio cha oili. Taa yake imezima?"

"Imezima. Na hii ya mifuko ya hewa imezima pia."

Gvozden akainua kichwa toka chini ya boneti.

"Ipi?"

"Hii ya kimtu kilichokaa na duara mbele yake."

Gvozden akachomeka waya. Zote mbili zikawaka. Akachomoa. Zote mbili zikazima. Akaja dirishani anafuta mikono, na kile kicheko chake hakikuwepo tena.

"Shemeji, taa hizi hazihusiani hata kidogo. Moja ni ya oili. Nyingine ni ya ile mifuko inayofura ghafla mkigonga, isiwaache mkavunja nyuso. Kuna mtu amezifunga pamoja, ili taa ya mifuko iwake na kuzima kama ya gari lisilo na kasoro."

"Kwa nini mtu afanye hivyo?"

Gvozden alichukua bisibisi, akafungua kifuniko cha katikati ya usukani. Ndani mlikuwa na sponji ya godoro, ya njano, imekunjwa vizuri kabisa. Akaenda upande wa kiti cha mbele, akapapasa chini ya dashibodi, akamulika tochi. Dashibodi ilikuwa imepasuka na kugundishwa kwa ndani. Nyuma yake hamna kitu.

"Mungu wangu!" Vidosava alisema. "Mungu wangu, kiti cha Nevena!"

Miaka miwili tangu walinunue gari hili! Mvua, barafu, malori ya mbao yanayoteremka mlimani kama yamelogwa, na mwanawe ameketi mbele ya ganda tupu. Akatoa simu.

"Unampigia nani?" Radomir akauliza.

"Nani ametuuzia gari?"

"Vido, achana naye. Tutaongea nyumbani."

Alidhani mumewe anamstahi kumu. Hilo lilimpandisha hasira zaidi. Tihomir alipopokea, hata salamu hakumpa.

"We mtu huna haya! Umemshika mtoto wangu mbele ya padri, unakula na kunywa kwangu kila sikukuu ya mtakatifu wetu, halafu unampakia kwenye jeneza! Usikanyage kwangu tena! Tangu leo mimi sina kumu!"

Gvozden akainamisha kichwa. Maneno yale hayasemwi. Radomir alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni, anatazama barabara.

Tihomir alimsikiliza hadi mwisho.

"Kumu," alisema hatimaye, taratibu, "mifuko ya hewa?"

"Kumbe unajua!"

"Gari niliwapa zima. Liliharibika ule mwezi ulipokwenda Niš kumuuguza mama yako. Radomir alilibamiza kwenye nguzo ya daraja, mifuko ikafura yote, mimi ndiye niliyelivuta. Akaniomba nisikwambie, akasema utakosa usingizi bure. Nikamwambia, sawa, lakini weka mifuko mipya kabla mtoto hajapanda. Akaniapia ameweka."

"Amekuapia?"

"Kwa kichwa cha Nevena."

Vidosava akamgeukia mumewe. Radomir hakukana. Uso wake ulikuwa umemshuka.

"Nilitaka kuweka," alisema. "Kweli nilitaka. Kisha taa ikawa inazima vizuri, siku zikapita..."

Alikuwa amemwacha amtukane kumu mpaka mwisho, neno kwa neno, na hakuinua hata kidole. Vidosava alimtazama mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na saba. Radomir akatazama saa, akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo. Nevena anatoka shule sasa hivi, atatusubiri getini."

Ebo! Vidosava aliufumbata ufunguo hadi ukamuuma. Simu bado ilikuwa sikioni.

"Kumu," alisema. "Nenda wewe kanichukulie mtoto."

"Nimeshatoka," Tihomir akasema. "Niko njiani."